Chema Chajiuza? Kiswahili katika Diplomasia ya Taswira Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna serikali za kigeni zilivyoitumia lugha ya Kiswahili kujijengea taswira njema miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka wa 1954 hadi leo. Kwa kutumia dhana tatu za uhakiki wa fasihi, yaani msimulizi, hadhira na ukimya, makala yanadai kwamba diplomasia ya taswira ni usimulizi, na kwamba usimulizi huo unaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia. Aidha, makala yanauliza kwa nini Kenya, ambayo ni mmojawapo wa wenyeji wa lugha hii, imechelewa kujisimulia kwayo.

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu anayejinadi kupita kiasi. Lau tungeichukua kuwa kanuni ya mahusiano ya kimataifa, basi tungelazimika kukata kauli kwamba mataifa yote makubwa ni vibaya, maadamu hakuna hata moja lisilojitembeza. Katika jiji la Nairobi pekee, mwanafunzi anaweza kuzuru vituo vya utamaduni vya Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na China kwa siku moja, na katika kila kimoja akakaribishwa kwa vitabu, filamu na masomo ya lugha. Ukarimu huo hugharimiwa. Swali ni: wanaougharimia wanatarajia nini?

Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa njia ya pekee. Kwa zaidi ya miaka sabini, serikali za nje zimetuzungumzia kwa lugha yetu wenyewe. Wengi wa waliotangulia katika taaluma hii wamepata riziki zao kama watangazaji, watafsiri na walimu katika asasi za serikali hizo. Huenda hata baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakaelekea huko watakapohitimu. Ni vyema basi tujue tunaajiriwa kusimulia hadithi ya nani.

Maana ya diplomasia ya taswira

Diplomasia ya jadi ni mazungumzo ya serikali na serikali: balozi hukutana na waziri, mkataba hutiwa sahihi, na mwananchi hupata habari baadaye. Diplomasia ya umma, kwa upande mwingine, ni juhudi za serikali kuzungumza moja kwa moja na raia wa nchi nyingine. Istilahi hiyo ilipewa maana yake ya kisasa mwaka wa 1965 na Edmund Gullion, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Marekani na mkuu wa Chuo cha Fletcher cha Chuo Kikuu cha Tufts. Mwaka wa 1990, mtaalamu wa siasa Joseph Nye alizua dhana ya nguvu laini, yaani uwezo wa taifa kupata linalolitaka kwa kuvutia badala ya kulazimisha au kuhonga.

Katika makala haya tutatumia istilahi diplomasia ya taswira kwa maana ya ule upande wa diplomasia ya umma unaolenga kuunda picha ya taifa katika fikra za watu wa nje. Mwanafasihi hana haja ya kulionea geni jambo hili. Pale penye taswira pana aliyeiunda, pana aliyekusudiwa kuiona, na pana mambo yaliyoachwa nje ili picha ipendeze. Kwa hivyo tutauliza maswali matatu: Nani anasimulia? Anamsimulia nani? Na ni lipi analolinyamazia?

Redio na hadhira iliyogombewa

Serikali ya kwanza ya nje kulitambua vilivyo soko la wasikilizaji wa Kiswahili ilikuwa ya Misri. Mwaka wa 1954, Kenya ikiwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili yaliyoushambulia ukoloni wa Waingereza na kuwatetea wapiganaji wa Mau Mau. Miongoni mwa watangazaji walikuwemo vijana kutoka Zanzibar. Ujumbe ulikuwa wa Gamal Abdel Nasser, lakini sauti ilikuwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Hii ndiyo mbinu ya msingi katika diplomasia ya taswira: msimulizi wa kweli hujificha nyuma ya sauti ambayo hadhira inaiona kuwa yake.

Waingereza walishtuka. Mwaka wa 1957, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha idhaa yake ya Kiswahili mjini London. Wengine hawakukawia. Redio ya Beijing ilianza Kiswahili mwaka wa 1961, Sauti ya Amerika mwaka wa 1962, na Deutsche Welle ya Ujerumani Magharibi mwaka wa 1963. Moscow nayo ilikuwa hewani katika kipindi hicho hicho. Tukiitazama miaka hiyo kwa makini, tunaona kwamba Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, na Kenya na Zanzibar 1963. Idhaa za Kiswahili zilifuatana na bendera mpya. Kila taifa kubwa lilijua kwamba wakoloni wakiondoka, kura za nchi hizi katika Umoja wa Mataifa zitakuwa zao wenyewe, na fikra za wananchi wake zitakuwa na thamani ambayo hazikuwa nayo awali.

Ushindani huo haukuishia redioni. Muungano wa Kisovieti ulifungua chuo kikuu mjini Moscow mwaka wa 1960 kwa ajili ya wanafunzi wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, aliyekuwa ameuawa Januari 1961. Kutoa jina ni usimulizi pia: kwa neno moja, Moscow ilijitambulisha kuwa upande wa shujaa. Marekani nayo iliwapokea mamia ya wanafunzi wa Kenya kupitia safari za ndege zilizopangwa na Tom Mboya kati ya 1959 na 1963.

Je, kwa nini idhaa nyingine ziliaminiwa kuliko nyingine? Hapa suala la msimulizi linajitokeza waziwazi. Msimulizi anayejisifu bila kikomo hushukiwa na msomaji. Yule anayekiri kasoro za nyumbani kwake huaminiwa hata anapopendelea. Mwaka wa 1956, wakati Uingereza ilipoivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, BBC ilitangaza hotuba ya kiongozi wa upinzani, Hugh Gaitskell, aliyeupinga uvamizi huo. Serikali ya Anthony Eden ilikasirika. Hata hivyo, hasira hiyo ya serikali ndiyo iliyoipatia BBC hadhi ambayo fedha zisingeweza kuinunua. Redio Cairo, kinyume chake, ilipojiegemeza upande wa chama cha ZNP katika siasa za Zanzibar, ilijipunguzia imani miongoni mwa wafuasi wa ASP, ambao hapo awali walikuwa sehemu ya hadhira yake.

Hata hivyo, tusimwone msimulizi huru kuwa hana mwenye nyumba. Idhaa ya Dunia ya BBC iligharimiwa kwa ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi mwaka wa 2014. Ruzuku hiyo ilipopunguzwa, matangazo ya Kiswahili ya masafa mafupi yakawa miongoni mwa yaliyoondolewa mwaka wa 2011. Sauti ya Amerika nayo inaongozwa na sheria ya mwaka wa 1976 inayoitaka itoe habari za kweli zisizoegemea upande, na papo hapo ieleze sera za Marekani. Mnamo Machi 2025, kufuatia agizo la Rais Donald Trump kuhusu wakala unaoisimamia, wafanyakazi wake wengi waliwekwa likizo na matangazo katika lugha nyingi yakanyamaza. Msikilizaji wa Kakamega au Kigoma hakuulizwa. Sauti aliyoizoea kwa miongo sita ilizimwa kwa sahihi ya kiongozi ambaye hakumpigia kura. Atumiaye cha kuazima huwa kwenye huruma ya mwenye mali.

China: kutoka reli hadi tamthilia

Mfano wa China unastahili kuangaliwa peke yake kwa kuwa unaonyesha jinsi simulizi moja inavyoweza kuendelezwa kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1960, maneno ya Mao Zedong yalichapishwa kwa Kiswahili. Kati ya 1970 na 1975, China ilijenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwa mkopo usiotozwa riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuugharimia mradi huo. Oktoba 1971, Jamhuri ya Watu wa China ilipata kiti chake katika Umoja wa Mataifa kwa kura 76, zikiwemo za nchi nyingi za Afrika. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo. Urafiki uliosimuliwa ulikuwa umezaa tunda.

Awamu ya pili ilianza karne hii. Mwaka wa 2005, Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Mwaka wa 2006, Redio China Kimataifa ilianzisha kituo chake cha kwanza cha FM nje ya China, na mahali palipochaguliwa ni Nairobi. Mwaka wa 2012, televisheni ya taifa la China ilifungua hapo hapo makao yake ya Afrika. Halafu kukaja jambo ambalo mwanafasihi hana budi kulitafakari: tamthilia ya televisheni ya Kichina, iliyopewa jina Doudou na Mama Wakwe Zake, ilitiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa nchini Tanzania mwaka wa 2011.

Tamthilia hiyo haikuhusu reli wala chama tawala. Ilihusu mwanamke aliyeolewa na matatizo yake na wakwe. Nguvu yake ilikuwa hapo hasa. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Morogoro aliwaona Wachina wakigombana jikoni, wakinuniana na kupatana, akajiona yeye mwenyewe. Mhusika wa Kichina, ambaye pengine alikuwa amemjua tu kama mhandisi au mfanyabiashara wa Kariakoo, sasa alikuwa mkaza mwana wa mtu. Rais Xi Jinping alipohutubu mjini Dar es Salaam Machi 2013, aliwasalimu wenyeji kwa Kiswahili na akaitaja tamthilia hiyo kuwa ithibati ya ukaribu wa watu wa nchi hizi mbili. Ni nadra kiongozi wa dola kubwa kutaja tamthilia ya kifamilia katika hotuba ya sera za kigeni. Alijua anachokifanya.

Swali la ukimya linafaa kuulizwa hapa pia. Nchini Kenya, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa China, ilizinduliwa mkesha wa Madaraka mwaka wa 2017, na gari lake la abiria likaitwa Madaraka Express. Jina, siku na picha za uzinduzi vilisimulia hadithi ya uhuru na maendeleo. Mkataba wa mkopo wenyewe haukusimuliwa. Wananchi walioulipia walisubiri hadi Novemba 2022 ndipo serikali ikaweka hadharani baadhi ya nyaraka zake. Kwa haki, ukimya huo ulikuwa wa serikali mbili, ya mkopaji na ya mkopeshaji. Mhakiki wa fasihi hufunzwa kwamba kilichoachwa hakina uzito mdogo kuliko kilichoandikwa. Raia naye anahitaji funzo hilo.

Kenya: mwenyeji asiyejisimulia

Tugeukie nyumbani. Taswira ya Kenya ng'ambo imejengwa zaidi na sekta ya utalii: wanyama, fukwe, na Kiswahili cha maneno mawili matatu. Wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms, uliotolewa mwaka wa 1982 na kulengwa kwa watalii wa hoteli za pwani, ulisambaa duniani kote. Haukuwa na ubaya wowote kama burudani. Hata hivyo, ulichangia kuueneza ulimwenguni usemi hakuna matata na salamu jambo, ambayo mwenyeji mwenyewe huitamka hujambo au hamjambo. Mwaka wa 2003, kampuni ya Disney ilipata nchini Marekani hataza ya alama ya biashara ya usemi huo wa hakuna matata. Taifa lisilojisimulia husimuliwa na wengine, na maneno yake huweza kuandikishwa kwa jina la mwingine.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizowaua watu zaidi ya 1,100, serikali iliunda Bodi ya Brand Kenya mwaka wa 2008 ili kuirekebisha sura ya nchi. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka wa 2014 nayo iliutaja utamaduni kuwa mojawapo ya nguzo zake tano. Hizi ni hatua za kupongezwa. Lakini hata majina ya asasi na kampeni hizi, Brand Kenya na Magical Kenya, ni ya Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili.

Tanzania imetutangulia. Novemba 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo inakumbusha 7 Julai 1954, siku ya TANU, chama ambacho chini ya Julius Nyerere kilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kila mwaka ulimwengu unapoadhimisha Kiswahili, kwa hiyo, unaadhimisha ukurasa wa historia ya Tanzania. Hilo halikutokea kwa bahati. Lilitokea kwa kuwa kulikuwa na watu waliolisimulia mbele ya mataifa.

Je, sisi hatuna cha kusimulia? Tunacho, ila tumekuwa na desturi ya kuwaadhibu wasimulizi wetu. Abdilatif Abdalla, malenga wa Mombasa, alifungwa jela miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya ilikokuwa ikielekea. Mashairi aliyoyatunga kizuizini, Sauti ya Dhiki, yalichapishwa mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Malenga huyo alikwenda Dar es Salaam, kisha London, ambako alifanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na hatimaye akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, na tangu 1982 akaishi uhamishoni. Hawa wawili wameifikisha Kenya katika madarasa ya ulimwengu kuliko kampeni yoyote ya matangazo. Uingereza na Ujerumani ziliitambua thamani ya sauti ya Abdilatif Abdalla. Sisi tulikuwa tumeipa kifungo.

Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, balozi za Kenya ziwe na madarasa ya Kiswahili na maktaba za fasihi yetu. Wahitimu wa kuzifanyia kazi wapo: Marekani kwa miaka mingi imewachukua vijana wetu kufundisha Kiswahili katika vyuo vyake kupitia mpango wa Fulbright. Kama wanafaa kulifanyia kazi taifa jingine, wanafaa pia kulifanyia kazi lao. Pili, fasihi ya Kiswahili itafsiriwe na kuigizwa ng'ambo, pamoja na ile inayoikosoa serikali. Tumeona katika kisa cha Suez kwamba msimulizi huaminiwa anapokubali kukosolewa. Tatu, idara za Kiswahili zifundishe uhakiki wa matini za kidiplomasia, ikiwemo hotuba, matangazo na filamu, ili mhitimu anayeajiriwa na idhaa ya kigeni aende macho yakiwa wazi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba serikali za kigeni zimekitumia Kiswahili kwa ustadi kujijengea taswira, kwa kuchagua sauti ya mwenyeji, hadhira yenye thamani ya kisiasa, na ukimya unaofaa. Hatudai kwamba walichotupa kilikuwa bure au hasara tupu: idhaa hizo zimekuza msamiati wetu, zimewaajiri watu wetu, na nyakati nyingine zimetupa habari ambazo redio zetu hazikuthubutu kuzitoa. Tunachodai ni kwamba mgeni haandiki hadithi ya mwenyeji kwa manufaa ya mwenyeji.

Tukirejea kwenye methali tuliyoanza nayo, huenda wahenga hawakukataza kutembeza. Walionya tu kwamba kutembeza hakubadilishi kilichomo kapuni. Taifa linalowafunga malenga wake halitaokolewa na nembo mpya, na lile linalowaheshimu lina chema cha kuuza. Hata hivyo, chema kilichofichwa ndani hakimfikii mnunuzi. Kazi ya kukitoa nje ni yetu sisi wanafunzi wa lugha hii, nasi hatuna sababu ya kungoja tuajiriwe na wengine ndipo tuifanye.